Mke Mdogo wa Mzee Kasimba

Mitundu, baada ya mavuno

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Na shikamoo nyingine kwa ajili ya miezi yote niliyokaa kimya bila kukuandikia. Mwanao ni mzima, nakula na kulala vizuri, na kile kikohozi nilichokueleza mwaka jana kiliisha mvua zilipokatika. Wewe je, goti la kushoto limepoa? Eliza aliniandikia kwamba ulipanda uwele mapema, majirani wakakucheka, halafu mvua ikaja ikaonyesha kwamba wewe ndiye uliyekuwa sawa. Nilicheka peke yangu shuleni hata watoto wakaniangalia.

Eliza, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Msomee mama taratibu, usiruke mahali wala usifupishe. Msome mkiwa wawili tu ndani. Baadaye mama akitaka na wajomba wasikie, hilo ni shauri lake.

Mama, uliniuliza watu wa huku wakoje. Tangu nishuke kwenye gari la moshi pale Itigi na kutembea siku tatu msituni, nimekwisha kukaa miaka minne, na bado sijui niwaite watu wa kabila gani. Wako Wakimbu wenye nchi, wako Wanyamwezi, Wagogo waliokimbia njaa, Wanyaturu wachache, na mimi Mnyiramba peke yangu. Jumapili wimbo unaanza kwa Kiswahili, lakini ukifika mahali pa furaha kila mmoja anaingia na lugha yake. Mwanzoni niliona ni fujo. Siku hizi nikiukosa nasikia kama sijasali.

Kanisa letu ni la udongo na nyasi, na ndilo shule pia. Mchungaji wetu anaitwa Petro, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo. Mimi ni mwalimu, na kwa kuwa naandika vizuri walinifanya karani wa wazee wa kanisa. Tuna shamba la ushirika, mihogo na mtama, na kila Alhamisi tunalilima wote. Chakula chake ni cha wasioweza kushika jembe: wajane, wagonjwa, na wale ambao waume zao walikwenda vitani wasirudi. Hatuulizi kama mtu anasali kwetu. Mzee mmoja Mwislamu aliyepofuka anapelekewa kikapu chake kama wengine, naye hutuombea dua mbele yetu, nasi tunaitikia amina.

Yupo pia Bibi Ana. Huyu ukoma ulimla vidole vyote vya mkono wa kulia kabla haujatulia. Alipokuja hapa, jumbe aliamuru akajenge mbali, ng'ambo ya mbuga, na asiguse kisima. Mchungaji Petro aliwachukua wazee wote wakaenda barazani. Walikaa huko siku mbili, wakirudia neno lile lile kwa adabu, mpaka jumbe akachoka. Bibi Ana akajengewa nyumba karibu na kisima. Jumapili ya kwanza alipokuja kwenye Meza ya Bwana, watu waliogopa kikombe. Mchungaji alimpa Bibi Ana kwanza, halafu yeye mwenyewe akanywa baada yake, mbele ya wote, bila kusema kitu. Hayo yalitokea kabla sijafika, lakini hapa yanasimuliwa kama mambo ya jana.

Nakueleza haya, mama, ili ujue ni watu gani waliokaa kikao hiki ninachotaka kukusimulia. Usije ukadhani ni watu wabaya.

Kuna mzee hapa anaitwa Kasimba, mfuga nyuki, mtu wa maneno machache. Ana wake wawili. Mkubwa ni Nyamizi, naye hakujaliwa watoto. Mdogo anaitwa Mwashi, ana watoto watatu. Mwashi alikuja wakati kijiji chao kilipohamishwa na serikali kwa sababu ya malale, ugonjwa ule wa mbung'o. Watu walitawanywa huku na huku, nyumba zikachomwa moto, na wazazi wake wakafia njiani. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyemkuta kando ya njia, akamleta nyumbani, na baada ya miaka miwili ndiye aliyemwambia mumewe amwoe. Wote watatu waliingia darasa la ubatizo siku moja. Mimi ndiye niliyewafundisha, miaka miwili, kila Jumanne na Ijumaa. Hawakukosa hata wakati wa kurina asali. Tulipowapima, wote watatu walijibu vizuri. Mwashi alijibu kuliko wote.

Nikaandika majina yao, nikayapeleka misheni. Baada ya wiki sita jibu likaja. Kasimba abatizwe pamoja na mke wake wa kwanza, mara atakapokuwa amemwacha yule wa pili. Nami karani niandike kitabuni jina la mwanamke aliyeachwa, na siku aliyoondoka.

Mama, nilikaa na barua ile mkononi mpaka wino wa kalamu yangu ukakauka. Najua unajua kwa nini.

Siku ya kikao tulikutana shuleni, wazee sita na mchungaji. Kasimba na wake zake waliitwa, wakakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamepanda juu. Bibi Ana alikuwapo, kwa sababu huku kwetu kuna mzee mmoja wa kike, naye ndiye. Mchungaji alisoma barua, akaikunja. Halafu mzee Stefano akasimama. Stefano ni fundi seremala, mtu mnyofu kabisa, hata ubao ukiwa na kasoro ndogo haupitishi.

Alisema, "Mimi nilipobatizwa nilivunja vitu vyangu vyote vya zamani vya tambiko. Niliumia, lakini nilivunja. Sheria ni moja kwa wote. Tukimlegezea Kasimba leo, kesho tutamwambia nini mwingine?"

Nyamizi akauliza, bila kusimama, "Vitu ulivyovunja, baba, vilikuwa vinakula? Vilikuwa na watoto?"

Stefano akajibu, "Hapana, mama. Lakini kanisa halitamtupa. Tutampa chakula cha shamba la ushirika."

"Yeye analima shamba lile pamoja nawe kila Alhamisi," Nyamizi akasema. "Sasa unataka alime kwanza, halafu umpe kama maskini? Mkimtoa huyu, mnitoe na mimi. Nilimtoa njiani mara moja. Siwezi kumrudisha njiani kwa sababu mimi nataka kubatizwa."

Mchungaji Petro alimgeukia Mwashi akamwuliza anasemaje. Mwashi alikuwa anamnyonyesha mtoto wake wa mwisho. Akasema, "Mkiniambia niende, nitakwenda. Ila mniambie niende wapi, maana kwetu sasa ni pori tu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia.

Hapo Bibi Ana akasimama. Aliweka ule mkono wake juu ya meza, mahali ambapo kila mtu angeuona.

"Watoto wangu," akasema, "mliponikubali mimi, haikuwa rahisi. Najua wako waliokwenda nyumbani wakasukutua vinywa. Mimi sikuwalaumu. Lakini jambo moja sikusahau. Hamkuniambia niache kitu chochote kwanza. Sikuweza kuuacha mkono huu mlangoni. Mlinipokea nao. Huyu Mwashi ana kosa gani mbele yenu, ambalo hata ukoma hauna?"

Stefano alifunika uso kwa kiganja. Mchungaji akanigeukia. "Karani, barua imekutaja wewe. Utaandika?"

Mama, nilikuwa sijapata kusema habari zako kwa mtu yeyote huku. Hata Rahel, mchumba wangu, nilimwambia tu kwamba unakaa kwa mjomba. Nilisimama, na nilichotaka kusema ni kwamba naomba siku chache za kufikiri. Lakini kinywa kikasema kingine.

Niliwaambia hivi: "Mimi ni mtoto wa mke mdogo aliyeachwa. Nilikuwa na miaka saba. Baba alipata barua kama hii, naye alikuwa mtu wa kutii. Mama alipewa jembe, chungu, na mbuzi mmoja. Mdogo wangu Eliza alikuwa mgongoni, akaenda naye. Mimi nikabaki, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kiume na wa ukoo wa baba. Baba aliniambia nimbebee mama chungu mpaka kijitoni, halafu nirudi. Nikambebea. Akakipokea, akakiweka kichwani, akavuka. Hakugeuka kunitazama. Nikarudi, na Jumapili ile tukaimba."

Sikulia, mama. Niliwaambia na lile lililobaki, ambalo ndilo la aibu. Nalo sasa nakuambia wewe, na ndiyo sababu nilitaka msome mkiwa wawili. Siku nilipobatizwa mimi, nikiwa kijana karibu ya kwenda chuo cha ualimu, mwandishi aliniuliza jina la mama yangu. Nikamtaja Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Niliogopa. Niliwaza kwamba wakijua mimi ni mtoto wa aliyeachwa, nafasi ya chuo itanipita. Kwa hiyo katika kitabu cha ubatizo kule nyumbani, mimi si mtoto wako. Wewe uliyekuwa unatembea siku nzima wakati wa mavuno ili uniletee karanga shuleni, ukasimama nje ya ua mpaka nitoke, mimi nilikufuta kwa neno moja. Na kila mwaka uliponiletea karanga zile, nilizipokea nikijua.

Niliposema hayo, nikaiweka kalamu mezani. Nikasema, "Mwandishi mwingine atafutwe. Mimi nimekwisha kumfuta mwanamke mmoja. Sitamfuta wa pili."

Stefano ndiye aliyetangulia. Aliinuka polepole, akasema, "Hili sikulijua." Akakaa. Halafu akasimama tena, kama mtu aliyesahau kitu. "Barua ijibiwe. Wazee wote tuweke alama zetu. Yangu iwe ya kwanza."

Tukaandika barua usiku haujaingia, kwa heshima, bila neno kali. Mchungaji Petro aliweka jina lake mwisho. Alijua atakalopata. Watu walikuwa wakisema mwaka huu atafanywa mkubwa wa wachungaji wa huku kusini. Alipoweka jina, alipuliza wino, akasema tu, "Basi, iende."

Mwezi mmoja ukapita ndipo Bwana Mkuu wa misheni akaja mwenyewe, na kofia yake na mpagazi mmoja. Ni mzungu mzee, anakijua Kiswahili kizuri, na siku ile alikuwa na homa. Tulimkaribisha, akalala siku ya kwanza yote, na Mwashi ndiye aliyempelekea uji. Siku ya pili alikaa nasi shuleni tangu asubuhi. Hakutukaripia. Alisikiliza wote, hata Nyamizi aliyesema mara tatu jambo lile lile. Mwisho akavua miwani, akapangusa macho, akasema, "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Wanawake walioachwa ni wengi, na sikuuliza walikwenda wapi. Lakini mimi nami nina wakubwa wangu ng'ambo. Siwezi kumbatiza mtu mwenye wake wawili. Neno hilo haliko mikononi mwangu."

Ndipo Kasimba, ambaye katika kikao chote hakusema kitu, akaomba ruhusa.

"Bwana," akasema, "hawa wanawake hawakuoa. Nimeoa mimi. Kama kuna mtu wa kungoja, ni mimi. Wabatize wao na watoto. Mimi nitangoja mpaka wakubwa wako wafikiri vizuri. Nikifa kabla yao, nitamweleza Mungu mwenyewe, naye si mtu wa kusahau."

Bwana Mkuu alimtazama muda mrefu. Akauliza kama anaelewa kwamba hatakaribia Meza ya Bwana, na kwamba huenda akazeeka akingoja. Kasimba akajibu kwamba nyuki wamemfundisha kungoja. Tulicheka kidogo, hata yule mzungu, na kwa kucheka kule neno likapita. Mwashi asifukuzwe, wala jina lake lisiandikwe katika kitabu kile. Yeye na Nyamizi na watoto wabatizwe. Kasimba abaki mwanafunzi wa ubatizo.

Si ushindi kamili, mama. Mwingine angesema tumeshindwa. Mchungaji Petro hakufanywa mkubwa, nafasi ile alipewa mwingine. Na ile barua ya kuachisha wake bado inaendelea kupelekwa katika makanisa mengine, najua. Tumeandika nyingine kuhusu jambo hilo. Haijajibiwa. Tutaandika tena.

Siku ya ubatizo watu walijaa mpaka nje. Nyamizi alichagua jina la Marta, na Mwashi akakataa kubadili lake. Alisema nyumba imekwenda, wazazi wamekwenda, jina libaki. Mchungaji akambatiza Mwashi. Wakati wa Meza ulipofika, Kasimba akatoka taratibu, akakaa kwenye kigogo karibu na mlango, kofia juu ya goti. Ndivyo ilivyo desturi kwa wanafunzi. Nikamwona mzee Stefano anainuka kwenye kiti chake cha mbele. Nilidhani anakwenda kumwambia jambo. Alikibeba kile kiti, alichokichonga mwenyewe, akapita nacho katikati ya watu wote, akakiweka nje karibu na kigogo, akakaa. Hakula wala hakunywa Mezani siku ile. Wakawa wanatazama mbele, wazee wawili, kama watu wanaongoja mvua. Tangu siku ile kila Jumapili ya Meza mmoja wetu wa kikao hukaa nje na Kasimba, kwa zamu. Hakuna aliyeamuru. Zamu yangu imefika mara mbili.

Katika zamu yangu ya kwanza Mwashi alitupitia, akiwa na mtoto mgongoni, akanisalimu. Halafu akasema, "Mwalimu, yule mama yako. Ulisema hakugeuka."

"Ndiyo," nikasema.

"Ulidhani alikukasirikia?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Siku ile ya kikao mimi nilikuwa nimekwisha kupanga moyoni nitakavyokwenda. Nilijiambia nisimtazame mtoto yeyote atakayebaki. Kama ningemtazama, miguu isingekwenda." Akaingia ndani.

Mama, ni miaka ishirini. Sikukuuliza kamwe, nawe hukuniambia. Kama ndivyo ilivyokuwa, huna haja ya kunijibu. Kama sivyo, pia huna haja. Nataka ujue tu kwamba sikungoji tena ugeuke. Mimi ndiye niliyepaswa kukufuata, kwa miguu au kwa kalamu, na nilikuwa mtu mzima wakati nilipokataa.

Nimemwandikia mchungaji wa huko nyumbani, nikamweleza uongo wangu, nikamwomba asahihishe kitabu. Nimemwandikia na baba barua yake, bila matusi. Nimemwambia nilichokiona huku, na kwamba namheshimu. Akitaka kuja kukuona aje kwa mlango wa mbele, mchana, akukute na mjomba. Akikataa, usihuzunike.

Kuhusu kanisa, sikuombi uingie. Miaka yote hii umepita nje yake ukielekea sokoni bila kugeuza shingo, na nilikuwa naona aibu kwa ajili yako. Sasa aibu ile imehama.

Jambo la mwisho ni la furaha. Rahel, ambaye wewe na mjomba mlikwisha kuniruhusu, anakusalimu sana. Anasuka mkeka wako, na anauliza kama unapenda rangi au ubaki mweupe. Ndoa ni baada ya kurina asali. Huku kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu kanisani, jina la bwana na la bibi, na majina ya wazazi wao, ili mwenye neno aseme. Mchungaji Petro aliponiuliza aandike nini, niliandika mwenyewe, nikaweka jina lako. Jumapili mbili zimekwisha pita. Anasimama mbele, na ile sauti yake ndogo, anasoma, "Zakaria, mwana wa Nzitu." Mara ya kwanza Bibi Ana aliitikia kwa nguvu, ingawa si desturi kuitikia, na wengine wakaitikia pia.

Nisalimie mjomba, aliyetujengea nyumba bila kuuliza tutakaa mpaka lini. Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake nilichokuja nacho hakijapata ufa. Nisalimie Mama Mkubwa kwa heshima. Alinilea vizuri, naye hakuwa na kosa, nimemweleza hivyo katika barua ya baba. Wasalimie majirani waliokucheka kwa uwele. Na wewe Eliza, uliyesoma mpaka hapa, asante. Ulivuka kijito kile bila kujua, sasa unajua.

Barua itachukua wiki tatu kufika huko, gari la moshi likiwa zima. Kwa hiyo mama, unaposikia maneno haya, jina lako litakuwa limekwisha kusomwa mara tatu mbele ya watu wote, na hakuna atakayekuwa amelipinga.

Ni mimi mwanao,
Zakaria, mwana wa Nzitu